Mfuko Usioonekana

Mfuko ulikuwa hauonekani, na hilo ndilo lililomkera mume wa fundi. Mkewe alikuwa ameutengeneza kwa subira ya ajabu ndani ya mgongo wa koti lake, kati ya kitambaa cha juu na bitana, mdomo wake umejificha chini ya kwapa. Humo mlikuwa na vyeti vya binti yao, barua ya chuo cha ukunga, na noti za kumlipia chumba na kumnunulia godoro. Koti lilikuwa limevaliwa na kugeuzwa huku na huku mbele ya kioo, na hakuna aliyeona kitu. Sasa alikuwa amesimama kwenye foleni ya basi, stendi kuu, amebeba mgongoni kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwa mkewe, na watu wanapita wakimtazama kama mtu yeyote aliyevaa koti.

"Baba, acha kujikuna mgongoni," binti alisema.

"Sijikuni. Najinyoosha."

Mbele yao alisimama bwana mmoja mwenye shati safi, amekumbatia kibegi kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa akilalamika kwamba stendi hii imeoza kwa wezi, kwamba juzi tu shemeji yake aliibiwa soksi na viatu vyake viko miguuni. Mume wa fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua jambo.

"Wewe mzee huogopi?"

"Mimi nimeoa fundi."

Binti alikuwa ameinama anafunga kamba ya sanduku, akili yake yote imo kwenye fundo. Yule bwana akauliza, fundi wa nini. Na mume wa fundi, mpiga rangi ambaye nyumbani ukimuuliza swali hukujibu kwa neno moja na mara nyingine kwa nyusi, akafungua koti lake mchana kweupe. Akamwambia, papasa hapa, unasikia kitu? Husikii. Sasa pita chini ya kwapa, taratibu, hapo hapo. Hata mimi mwenyewe huwa nautafuta. Akaendelea hadi kwenye cherehani yenyewe, ya miguu, ya chuma kizito, ambayo siku hizi huwezi kuipata hata ukiwa na fedha. Yule bwana alipapasa kwa heshima kubwa, akatikisa kichwa, akasema maishani mwake hajaona mshono wa namna ile.

Mlango wa basi ulipofunguliwa, foleni ikafa. Watu walisukumana, masanduku yakapita juu ya vichwa. Mume wa fundi alipokanyaga ngazi ya kwanza, alihisi upepo mgongoni, mahali ambapo upepo hauna ruhusa ya kufika. Aligeuka. Yule bwana hakuwamo ndani ya basi, wala hakuwa nje.

Waliporudi nyumbani, fundi hakupiga kelele. Alilitandaza koti juu ya meza ya kukatia nguo, akafungua dirisha ili aone vizuri. Mgongoni kulikuwa na tundu la mstatili, limenyooka kama mlango. Akapitisha kidole pembeni yake, kona kwa kona.

"Huyu hakutafuta," alisema.

"Wale watu wana uzoefu," mumewe alisema.

"Anayetafuta hukata, hukosa, hukata tena. Huyu amekata mara moja tu. Ameufuata mshono wangu pande zote, hakuuvuka hata uzi. Mimi mwenyewe nisingeweza kukata hivi bila chaki." Akainua macho. "Sasa mume wangu, chaki alichorewa na nani?"

Binti alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, bado amevaa viatu vya safari. Naye akamtazama baba yake.

"Nilikutana na mtu," mume wa fundi alisema.

"Mtu."

"Mtu muungwana tu. Aliipenda kazi yako."

"Aliipenda sana. Ameondoka nayo."

Binti akaanza kucheka, kile kicheko kibaya ambacho ukikiacha kiendelee hugeuka kilio, na kikageuka. Chuo kilikuwa kinafunga milango kwa wanafunzi wapya Ijumaa. Barua ilisema bila kupepesa macho: vyeti halisi, si nakala, na atakayekosa kuvileta nafasi yake itapewa mwingine. Kuomba vyeti vingine ni kazi ya miezi, tena kwa mwenye bahati.

Walikwenda wote watatu kwenye kituo kidogo cha polisi cha pale stendi. Askari wa zamu alikuwa na kalamu inayoandika pale tu inapojisikia.

"Mfuko ulikuwa wapi?"

"Mgongoni."

"Nani anaweka mfuko mgongoni?"

"Mimi," fundi alisema.

"Na mwizi alijuaje?"

Mume wa fundi akajikohoza. Alipomaliza kueleza, askari aliweka kalamu chini, akamwita mwenzake kutoka chumba cha nyuma. "Njoo usikie hii. Mzee, hebu anza tena pale ulipomwambia apapase." Mume wa fundi akaanza tena. Mwenzake alikuwa na kikombe cha chai mkononi, ikabidi akiweke mezani ili acheke vizuri.

Fundi alisubiri hadi wote wawili walipojifuta macho. "Mmeshiba?" aliuliza. "Sasa tunapataje vyeti?"

Askari akarudi kwenye uso wake wa kazi. "Hela sahau, mama. Vyeti, jaribuni kwa Msamaria."

Msamaria alikuwa na meza chini ya mwavuli, jirani na vyoo vya kulipia. Aliuza vifuniko vya simu, alichajia watu simu zao, na kando yake aliegemeza kibao: VITU VILIVYOPOTEA, ULIZA HAPA. Alikuwa na sauti ya chini ya mtu aliyekuja msibani kusaidia kupanga viti.

"Poleni sana. Tena sana," alisema, kabla hawajasema lolote. "Vya binti, si ndiyo? Nilimwona tu nikasema, ni huyu. Sasa mnielewe, mimi siibi. Kuna vijana huokota vitu, hunijia, mimi namtafuta mwenyewe. Ni huduma."

"Waliviokota wapi?" fundi aliuliza.

"Chini."

"Vilianguka kutoka mgongoni mwa mtu aliyefunga vifungo vyote."

"Mama yangu, dunia ina mambo."

Akafungua droo, akavuta bahasha nusu. Binti aliona kona ya cheti, na katika kona hiyo picha yake mwenyewe ikimtazama, nywele zimechanwa vizuri, shingo imenyooshwa, vile alivyoambiwa na mpiga picha siku ile. Akanyoosha mkono. Droo ikafungwa, ufunguo ukazunguka.

"Aliyeokota anaomba chai," Msamaria alisema, akataja kiasi.

Hakuna chai ya bei ile, hata ukiikoroga kwa kijiko cha dhahabu. Ilikuwa bei ya cherehani ya miguu, ya chuma kizito. Fundi alimgeukia mumewe polepole, na mumewe akatazama viatu vyake, kwa maana alikumbuka kwamba hata cherehani aliitaja.

Wakiwa bado wamesimama pale, askari wa zamu alifika, akachomoa simu yake kwenye chaja ya Msamaria, akasema, "Ahsante, mkubwa," akaenda zake.

"Tuuze cherehani," mume wa fundi alisema walipofika nyumbani. "Mimi ndiye niliyeharibu, najua. Nitakununulia nyingine. Kuna jengo la ghorofa nimeahidiwa kulipaka rangi."

"Jengo hilo umeahidiwa tangu huyu ananyonya."

"Sasa tufanyeje? Mtoto akae nyumbani?"

Fundi alikuwa ameketi mbele ya cherehani, mguu juu ya pedali bila kuikanyaga. "Nikimlipa yule, wembe uliokata koti lako nitakuwa nimeununua mimi. Kesho atamkatia nao mtoto wa mwingine, na mimi nitakuwa mshirika."

"Mama," binti alisema. "Na tukishindwa?"

"Tukishindwa utakuwa umeibiwa mara moja. Tukilipa ni mara mbili." Akasimama, akaanza kuvuta kapu la vipande: mabaki ya turubai, mikanda ya viti vya magari mabovu, zipu zilizonyofolewa kwenye suruali za watu waliozeeka kuliko zipu zao. "Cherehani haiuzwi. Inasafiri. Mume wangu, katafute mkokoteni, halafu ufungue kopo la rangi. Nyekundu. Mdomo wako umetuingiza humu, utatutoa."

Asubuhi, abiria wa mabasi ya kwanza walikuta kitu kipya stendi. Katikati ya madirisha ya tiketi na mwavuli wa Msamaria, ana kwa ana na mwavuli huo, palikuwa na cherehani, kiti, na shuka lililotundikwa kwenye kamba ili watu wavue bila kuaibika. Juu yake kulikuwa na kibao ambacho ungeweza kukisoma ukiwa nusu umelala:

MIFUKO YA NDANI. BURE. SAFIRI NA CHAKO.

Mbele ya kibao alisimama mume wa fundi, amevaa lile lile koti. Mkewe alitaka kulitia kiraka, yeye akakataa. Kila kundi lilipopita aliligeuzia mgongo, shati lake likachungulia kwenye tundu.

"Tazameni vizuri, msione haya. Mimi nilikuwa na mfuko kama huu, nikamwonyesha mtu. Mtu mmoja tu, tena mwenye adabu. Sasa mgongo wangu una dirisha. Ukishonewa hapa, ukiulizwa umebeba nini, unajibu nini?"

"Hatuna kitu," abiria mmoja alijaribu.

"Hatusikii."

"Hatuna kitu," wakasema watano.

Binti aliwapokea nyuma ya shuka, akachukua suruali, sketi, magauni. Mama yake alishona. Alikuwa amejifunza kwa lile tundu: hakuna mifuko miwili iliyofanana. Huyu aliwekewa ndani ya kiuno, yule kwenye pindo la chini, mwingine mahali ambapo hata mkewe angehitaji maelekezo. Mwalimu mmoja aliyekuwa anapeleka ada za watoto wake aliomba wa kwake uwe rahisi kufunguka. "Ukiwa rahisi kwako, ni rahisi kwake," fundi alimjibu bila kuinua kichwa, na mwalimu akaondoka anatembea kama mtu aliyemeza rula.

Kabla jua halijawa kali, mkusanya ushuru wa stendi alikuja na kitabu chake cha risiti.

"Mama, hapa hakuna biashara bila kibali."

"Biashara ipi, baba? Soma kibao."

Akasoma. Akasoma tena lile neno BURE. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama. "Na suruali ya kazi inashonewa?"

"Pita nyuma ya shuka, uwe kama wengine."

Siku ile na iliyofuata, stendi ilipata hadithi za kuitosha mwaka mzima. Wapiga debe waliapa kwamba wembe ulivunjika vipande viwili juu ya mkanda wa gari, na nusu yake ikaruka hadi kwenye sufuria ya muuza chai. Tena kulikuwa na yule bibi mnene mwenye sketi ya buluu. Mfuko wake ulikuwa na mdomo uliogeukia ndani, na mkono wa kijana mmoja uliingia ukakataa kutoka. Bibi hakusimama. Alitembea naye hadi dirisha la tiketi kama maharusi, akalipia nauli yake, halafu akamwambia, "Mwanangu, ya kwako utalipa mwenyewe, mimi sikukualika." Kila aliyesimulia aliongeza hatua kidogo, na mwishowe bibi yule alikuwa amekwenda na kijana hadi mji wa pili wakarudi.

Lakini chini ya mwavuli hapakuwa na kicheko. Hakuna aliyekuja kuuliza kitu kilichopotea. Vijana wawili watatu waliofika mezani walifika mikono mitupu, wakanong'ona, wakafukuzwa. Jioni ya Jumatano, yule bwana mwenye shati safi alionekana mbali, karibu na lango, shati si safi sana. Mume wa fundi alimpungia mkono. "Muungwana, karibu. Foleni inaanzia huku." Yule bwana alikumbuka ghafla kwamba ana safari ya miguu.

Binti peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu mabasi. Kila lililoondoka kuelekea mji wa chuo alilisindikiza kwa macho hadi vumbi lake likatulia, halafu akarudi kuchukua suruali ya mtu.

Alhamisi, muda wa chakula, Msamaria alivuka ule uwazi mdogo kati ya mwavuli na cherehani. Alikuja na stuli yake mwenyewe.

"Dada yangu, unatuua."

"Akina nani? Si ninyi waokotaji?" Fundi alizungusha gurudumu. "Au watu wameacha kuangusha vitu? Kama ni hivyo, ni habari njema, hata wewe mwenye huduma ungefurahi."

"Nimeongea na aliyeokota. Amekubali nusu."

Cherehani ikanguruma.

"Robo, basi. Mimi mwenyewe sipati kitu hapo."

Cherehani ikanguruma zaidi. Nyuma ya shuka binti alikuwa amesimama na sketi ya mtu mikononi, amesahau kuikabidhi. Basi la mwisho la siku hiyo, la kumfikisha kabla ya milango kufungwa, lilikuwa linapakia mizigo.

"Dada, nisikilize." Sauti ya msibani iliteleza, ikatoka sauti nyingine, ya mtu anayedaiwa kodi na wenye nyumba. "Nikikupa hivyo vyeti, bila chai, bila chochote. Utaacha?"

Fundi aliinua mguu kwenye pedali. Kukawa kimya, na foleni yote ikasikia.

"Nikipata vyeti vya mwanangu," alisema, neno kwa neno, "sishoni bure hata mfuko mmoja. Nasema mbele ya watu wote hawa."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema. Mume wangu, umesikia?"

"Nimesikia," mume wa fundi alisema. Alimtazama mkewe kwa muda, halafu akaanza kutafuta brashi yake.

"Na hela zetu?" binti aliuliza kutoka nyuma ya shuka.

"Hela sijaokota," Msamaria alisema.

"Haya," fundi alisema. "Hela nitazitafuta mwenyewe."

Bahasha ikaja. Binti alitoa karatasi moja moja, akaigeuza kila moja, akaupitishia kidole muhuri wake. Vyote vilikuwamo, na barua ya chuo, imekunjwa vibaya tu. Mama yake alimshika mkono, wakapotea nyuma ya shuka na sindano. Walipotoka, binti alikuwa yule yule, gauni lile lile. Baba yake alimzunguka mara moja.

"Umeviweka wapi?"

"Vitu gani, baba?"

Mume wa fundi alifungua mdomo, akaufunga. Akampa nauli aliyokuwa ameishika kiganjani tangu asubuhi. "Godoro litakuja nyuma yako," alisema. "Kwanza fika." Binti alimkumbatia, na mikono yake ilipofika kwenye lile tundu la mgongoni ikakaa hapo kidogo. Kisha akapanda. Hakujigusa popote, wala hakujikuna.

Basi lilipotoka langoni, Msamaria alikuwa amekunja mikono chini ya mwavuli wake, anangoja kuona mkokoteni ukija. Mkokoteni haukuja. Fundi alitia uzi mpya, akaulamba, akaupitisha kwenye tundu la sindano. Mumewe alipanda juu ya kiti. Kwa mpigo mmoja mpana wa brashi akalifuta neno BURE, na juu ya doa hilo jekundu akaandika kwa rangi nyeupe: BEI YA SODA MOJA.

Msamaria alifika karibu anakimbia. "Mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini?"

"Ulisema hushoni tena. Hapa, mbele ya watu."

"Waulize hao watu."

Aligeukia foleni. Wa kwanza alikuwa mkusanya ushuru, amekuja na suruali yake ya pili, na kitabu cha risiti kimefunguliwa tayari, maana sasa palikuwa na biashara na fundi alikuwa ameshamhesabia ushuru wake mezani.

"Alisema hashoni bure," mkusanya ushuru alisema, huku anaandika. "Bure. Nilikuwa nimesimama hapa hapa."

"Bure," mtu wa nyuma yake akathibitisha.

Msamaria alitazama risiti, akatazama kibao, akatazama uso wa fundi. Fundi alikuwa anaukagua mshono.

"Kama unasafiri, kaa foleni," alimwambia. "Kama husafiri, unatuzibia mwanga."

Mume wa fundi alishuka kwenye kiti, mikono yake nyeupe na nyekundu hadi kwenye viwiko, akageukia abiria, akawapa mgongo wenye dirisha.

"Msiegemee kibao, rangi bado mbichi. Na mkifika kwenye basi, akija mtu mwenye adabu zake akawauliza mmebeba nini?"

"Hatuna kitu," foleni ikajibu, na ilikuwa ndefu hadi kwenye vyoo.